Mgema Aliposifiwa: Oasis na Albamu ya 1997

Alhamisi, 21 Agosti 1997, maduka ya muziki Uingereza yalifunguliwa mapema kuliko kawaida. Oasis walikuwa wametoa albamu yao ya tatu, Be Here Now. Kufikia Jumamosi jioni, nakala zaidi ya 600,000 zilikuwa zimenunuliwa. Hakuna albamu iliyouzwa kwa kasi hiyo Uingereza tena hadi Adele alipokuja na 25 mwaka wa 2015. Lakini uliza mashabiki wa Oasis leo wakutajie albamu wanayoipenda. Wachache sana wataitaja hii.

Ilikuwaje?

Turudi nyuma kidogo. Noel Gallagher alikuwa kijana wa Manchester asiye na pesa, mbeba vyombo wa bendi nyingine, Inspiral Carpets. Nyimbo za albamu ya kwanza, 1994, zilitoka kwa mtu aliyetaka kutoka mahali alipo. Mdogo wake Liam aliziimba kama mtu anayedai deni. Ya pili, 1995, ikawafanya wafalme. Agosti 1996 walipiga shoo mbili Knebworth mbele ya watu 250,000. Walioomba tiketi walizidi milioni mbili na nusu.

Sasa, ukishafika hapo, nani atakuambia wimbo wako umezidi urefu?

Nyimbo nyingi za albamu ya tatu Noel alizirekodi kwa mara ya kwanza akiwa kisiwani Mustique, kule Karibi, mahali pa mapumziko ya matajiri. Shida za Manchester zilikuwa zimeisha, na fomula ndiyo iliyobaki: gitaa kubwa, kiitikio cha kuimbwa uwanjani, halafu kiitikio tena, na tena. Albamu inachukua dakika 71. Ngoma ya kwanza peke yake inapita dakika saba. Katika My Big Mouth, inakadiriwa kuna tabaka 30 za gitaa. Thelathini! Ukisikiliza husikii gitaa hata moja vizuri, unasikia ukuta tu.

Mfano unaouma zaidi ni All Around the World. Noel aliutunga kabla hata albamu ya kwanza haijatoka, akauweka kando hadi apate pesa za kulipia okestra. Pesa zikaja, okestra ikaja, na wimbo ukavuka dakika tisa. Januari 1998 ulifika nambari moja. Wazo lenyewe lilikuwa tamu, ila lingetosha dakika nne.

Wahakiki je? Hapa ndipo historia hii inanikera. Baadhi yao walikuwa wameipokea albamu ya pili kwa ubaridi, umma ukawaumbua. Safari hii hawakutaka kuachwa tena. Jarida la Q lilitoa nyota tano. Wanahabari waliopewa kanda mapema walitia sahihi mikataba ya kunyamaza, na kunyamaza huko kukaongeza presha. Wengi walihakiki umaarufu wa bendi, wakausahau muziki.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii tunaitumia kumlaumu mgema, na ni haki. Ila hapa wanywaji walionja maji, wakasema tembo ni kali.

Miezi michache baadaye, watu walikuwa wanarudisha CD zao kwenye maduka ya mitumba. Mwaka huohuo Radiohead walikuwa wametoa OK Computer, na The Verve wakatoa Urban Hymns. Ikaonekana wazi kwamba gitaa za Uingereza bado zilikuwa na mahali pa kwenda. Noel hakuitetea kazi yake. Katika filamu ya Live Forever, 2003, alieleza bila kupindapinda kuhusu kokeini na studio isiyojali. Liam ameendelea kuitetea. Mwaka wa 2016 Noel alijaribu kuichanganya upya, akamaliza wimbo mmoja tu, akaacha.

Cha kuumiza ni kwamba chini ya zile tabaka kuna nyimbo nzuri. Stand by Me ni mmoja. Hazikuhitaji kipaji zaidi. Zilihitaji mtu mmoja pale studio, mwenye mshahara wake mfukoni na bila woga, aseme: bro, hii gitaa ya 12 inatosha. Wote waliokuwa na nafasi ya kusema hivyo walikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza.