Foleni Kabla ya Foleni

Mwaka wa 2022 sikupiga kura. Nilikuwa na miaka ishirini, nina kitambulisho mfukoni, na karani wa kuandikisha alikuwa ameweka meza yake karibu na stage, hapa tu Jamhuri. Nilimpita kila asubuhi nikienda chuo, chuo chenyewe ambacho baadaye niliacha. Jibu langu lilikuwa lile la wasee wote: kura yangu itabadilisha nini?

Hatukuwa wachache. Tume ya uchaguzi ilihesabu wapiga kura milioni 22.1 mwaka huo, na vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa asilimia 39.84 pekee. Idadi yetu ilikuwa imepungua kwa asilimia 5.17 ikilinganishwa na 2017. Mabeste tulijiona wajanja kwa kususia.

Aliyenitoa ujanja ni shosho. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba kura haina maana. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kama haina maana, mbona walimnyima baba yangu?"

Ikabidi nisome.

Machi 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipowachagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza kwenda Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Lakini haukuingia kwenye daftari kwa kuwa mtu mzima tu. Ulipimwa elimu, mapato, mali, utumishi. Ukitimiza sifa moja, una kura moja. Ukiwa na zaidi, unaweza kupewa hadi tatu. Yaani mwalimu mwenye mshahara mzuri angeweza kumshinda jirani yake kabla hata debe halijafunguliwa. Na kama ulikuwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, kulikuwa na sharti lingine: cheti cha uaminifu, cha kuthibitisha kuwa hukuwa upande wa Mau Mau. Baba ya shosho hakupewa. Alikuwa na shamba, alijua kusoma, lakini hakuwa na hiyo karatasi.

Hapa Nairobi kiti kilienda kwa Tom Mboya, aliyemshinda wakili Argwings-Kodhek. Mboya alikuwa na miaka 26. Nilirudia kusoma hiyo sentensi mara mbili, kwa sababu sisi tunaambiwa bado ni watoto.

Kila mtu mzima alipata kura moja sawa na ya mwenzake katika uchaguzi wa Mei 1963, miezi michache kabla ya Uhuru. Mtu mzima wakati huo ni wa miaka 21; ilishushwa hadi 18 mwaka wa 1974. Shosho alikuwa na miaka 18 mwaka huo wa Uhuru, kwa hivyo alikaa nyumbani akitazama wakubwa wakienda.

Na vitambulisho? Sheria ya usajili ilikuwa ya wanaume, ikirithi ile kipande ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba shingoni zama za mkoloni. Wanawake waliingizwa mwaka wa 1978. Shosho alikuwa amezaa watoto wanne serikali ikiwa bado haijampa kitambulisho.

Halafu ikaja 1988, mlolongo. Katika mchujo wa KANU hakukuwa na karatasi ya siri. Ulipanga foleni nyuma ya picha ya mtu wako, hadharani, chifu akiangalia. Shosho anasema alisimama kwenye foleni iliyozunguka uwanja, na jioni akasikia redioni kwamba ile foleni fupi ndiyo imeshinda. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, hakuna kura ya pili. Watu walipiga kelele hadi mlolongo ukafutwa. Vyama vingi viliporudi na uchaguzi ukafanyika Desemba 1992, vijana wengi walikuta hawawezi kujiandikisha kwa sababu hawakuwa wamepewa vitambulisho.

Umeona mtindo? Tunapenda kubishana kuhusu siku ya kuhesabu, nani aliiba, nani alipika fomu. Lakini mara nyingi watu wamekatwa mapema, kwenye foleni ya kwanza, ile ya kutafuta karatasi.

Na si historia ya mbali. Ukivuka kutoka Jamhuri uko Kibra, ambako Wanubi wameishi vizazi kadhaa tangu babu zao waliokuwa askari wa King's African Rifles wapewe makao. Rafiki yangu wa huko, tuliyemaliza shule pamoja, alipoomba kitambulisho aliambiwa alete karatasi za babu, kisha akae mbele ya wazee ahojiwe kama ni Mkenya. Mimi nilipata changu ndani ya wiki chache. Yeye alingoja zaidi ya mwaka, na 2022 ikampita akitaka sana kupiga kura, wakati mimi niliyekuwa na kadi nilikuwa nimelala. Msasa huo rais alitangaza kuufuta mwezi Februari 2025.

Juni 2024 tulikuwa wote mjini, kwenye Kenyatta Avenue, macho yakiwasha. Tulichosahau ni kwamba tume ilikuwa imekaa bila makamishna tangu Januari 2023. Walipatikana Julai 2025, na uandikishaji ukarudi tarehe 29 Septemba.

Nilienda na rafiki yangu. Karani alichukua kitambulisho, akaniweka vidole kwenye mashine, akanipiga picha. Haikufika dakika kumi. Hakuniuliza mshahara, na bahati nzuri hakuuliza digrii. Rafiki yangu alipomaliza, alikunja ile stakabadhi mara nne akaiweka nyuma ya kava ya simu.

Sijui nitampigia nani tarehe 10 Agosti 2027. Huenda wote wasinifurahishe. Lakini jioni hiyo nilimpigia shosho nikamwambia nimejiandikisha. Akauliza kama karatasi wamenipa.

"Wamenipa."

"Iweke vizuri," akasema.