Talaka ya Askari: Habari za Sheria Tangu Kale

Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Methali hii twaitumia kila siku, na mara nyingi ni kweli: mtu asiyefika shaurini hana wa kumsemea, na neno lake hupotea. Lakini yuko mtu asiyefika kwa sababu ametumwa mbali na serikali yake, wala si kwa uvivu au dharau. Huyu ni askari. Tena nyumbani kwake yuko mwingine, mkewe, ambaye naye huhesabiwa kana kwamba hayupo, kwa maana katika daftari la jeshi jina la mume ndilo liandikwalo, na taabu ya mke haiandikwi. Ndoa ya watu hawa ikivunjika, ni nani atakayesimamia haki ya kila mmoja?

Talaka ni msiba, nasi hatuisifu. Lakini msiba nao wahitaji utaratibu, na pasipo utaratibu mnyonge huumia mara mbili. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mataifa yalivyotafuta jibu la swali hili tangu kale, na hasa jinsi watu wa Marekani walivyolijibu hata leo.

Tuanze na Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, habari za hati ya talaka zafuatwa mara na amri kwamba mtu aliyeoa karibuni asiende vitani, bali akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Hata zamani zile ilijulikana kwamba vita na ndoa huvutana. Walimu wa Kiyahudi wamehifadhi katika Talmudi mapokeo mengine, kwamba watu waliokwenda katika vita vya nyumba ya Daudi waliwaandikia wake zao hati ya talaka kabla ya kuondoka. Msomaji atashangaa: mtu ampendaye mkewe atamwandikiaje talaka? Sababu yake ilikuwa huruma. Mume akipotea vitani pasipo shahidi wa kifo chake, mke angefungwa maisha yake yote, si mjane wala si mke. Hati ile ilikuwa ufunguo alioachiwa.

Warumi nao waliliona jambo hilo. Mwaka 337 Kaisari Konstantino aliamuru kwamba mke wa askari aliyekaa miaka minne pasipo habari yoyote ya mumewe aweza kuolewa tena, ila sharti kwanza ampelekee mkuu wa jeshi taarifa. Miaka mia mbili baadaye Kaisari Justiniano aliona miaka minne ni michache, akaweka kumi. Kisha akabadili tena: mke asiolewe mpaka wakuu wa kikosi waape kwamba mumewe amekufa kweli, na baada ya kiapo hicho angoje mwaka mmoja. Hapa twaona mizani ikiinama huku na huku. Konstantino alimhurumia mwanamke angojaye. Justiniano alimhurumia askari ambaye angerudi na kumkuta mkewe katika nyumba ya mwingine. Wala hakuna aliyeweza kumhurumia mmoja pasipo kumzidishia mzigo mwenziwe.

Sasa na tuvuke karne nyingi twende Marekani, maana huko swali hili lilirudi kwa nguvu katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya kusonga mbele, msomaji na afahamu neno moja. Katika nchi hiyo jeshi halitoi talaka. Mkuu wa kikosi hawezi kuivunja ndoa ya askari wake, wala padre wa jeshi hawezi. Talaka ni kazi ya mahakama za majimbo, na kila jimbo lina sheria yake. Lakini askari huhamishwa kutoka jimbo hata jimbo, na pengine hupelekwa ng'ambo ya bahari. Hivyo ilikuwa rahisi kwa mtu kumshtaki askari katika mahakama ambayo hakuweza kuifikia, na hukumu ikatolewa naye hana habari.

Kwa ajili hiyo, tarehe 8 Machi 1918, ilitiwa sahihi sheria ya kuwakinga askari na mabaharia katika mashauri ya madai, yaani madeni, kodi za nyumba, na mashauri mengineyo, pamoja na talaka. Vita vilipokwisha, sheria ile nayo ikafikia mwisho wake. Vita vya pili vilipokaribia, ikatungwa upya tarehe 17 Oktoba 1940. Nayo ilihitajiwa sana, kwa maana ndoa nyingi zilifungwa kwa haraka kabla ya safari za vita, na nyingine hazikuweza kustahimili miaka ya kutengana. Mwaka 1946, askari walipokuwa wamerudi makwao, talaka zilizotolewa Marekani zilipita 600,000. Tarehe 19 Desemba 2003 sheria hiyo iliandikwa upya na kupewa jina jipya, nayo yatumika hata sasa.

Hii ndiyo kazi yake. Mtu adaiye talaka, ikiwa mwenziwe hakufika mahakamani, lazima aape kwa maandishi kama mwenziwe yumo jeshini au hayumo. Ikiwa yumo, hakimu haruhusiwi kutoa hukumu mpaka amemwekea wakili. Askari naye akipata habari ya shauri, aweza kuomba lisimamishwe. Sharti alete barua ielezayo jinsi kazi yake imzuiavyo, na siku atakayoweza kufika. Tena alete barua ya mkuu wake ithibitishayo kwamba hawezi kupewa ruhusa. Akifanya hivyo, hakimu atalisimamisha shauri kwa siku zisizopungua 90. Na ikiwa hukumu imekwisha kutolewa naye hayupo, aweza kuomba ifunguliwe tena, maadamu ombi lake lifike kabla ya siku 90 kupita tangu kutoka jeshini, naye aonyeshe kwamba kazi ilimzuia kweli, na kwamba analo neno la haki la kujitetea.

Lakini sheria hiyo haikumpa askari maficho ya kudumu. Baada ya kusimamishwa mara ya kwanza, kuzidi kuahirisha ni kwa hiari ya hakimu. Shauri laweza kuchelewa, bali mke hatangoja pasipo mwisho kama mke wa yule askari wa Justiniano.

Hivyo askari asiyekuwapo alipata wa kumsemea. Bali mke wake je? Zamu yake ilikawia.

Askari wa Marekani aliyetumika miaka 20 hupata pensheni mpaka kufa kwake. Askari aliyepungukiwa hata mwaka mmoja, kwa kawaida hakuwa na pensheni hiyo. Mkewe huhama pamoja naye, huacha kazi kila wanapohama, hulea watoto peke yake mume anapokuwa mbali. Na kwa kuwa hakai mahali pamoja, ni vigumu apate pensheni yake mwenyewe. Mchumia juani hulia kivulini, lakini huyu alichumia juani, na ndoa ilipovunjika kivuli kilikuwa cha mwingine.

Jambo hilo lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ijulikanayo kwa jina la McCarty. Mume alikuwa daktari wa jeshi, naye alioa mwaka 1957. Shauri la talaka lilipofunguliwa mwaka 1976 alikuwa ametumika miaka 18 hivi. Mahakama za California, ambako mali ichumwayo katika ndoa ni ya wote wawili, zilimpa mke sehemu ya pensheni. Tarehe 26 Juni 1981 Mahakama Kuu, majaji sita kwa watatu, ilisema kwamba kwa sheria ya nchi nzima pensheni ile ni ya askari peke yake, na jimbo halina ruhusa ya kuigawa. Hata hivyo majaji walikiri kwamba hali ya wake walioachwa yaweza kuwa nzito, wakasema ni kazi ya Bunge kuitengeneza.

Bunge halikukawia. Patricia Schroeder, mbunge kutoka Colorado, alikuwa miongoni mwa waliosimama imara kuwatetea wake hao. Tarehe 8 Septemba 1982 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kuwakinga waliokuwa wake au waume wa askari. Twasema wake au waume kwa kuwa wanawake nao ni askari, na sheria haibagui.

Wengi huielewa vibaya sheria hiyo, basi na tuieleze taratibu. Haimpi mke nusu ya pensheni moja kwa moja; yairuhusu tu mahakama ya jimbo kuihesabu pensheni kuwa mali ya kugawanywa. Tena mahakama sharti iwe na mamlaka juu ya askari: awe mwenyeji wa jimbo lile, au akae pale kwa sababu nyingine isiyo amri ya jeshi, au akubali mwenyewe. Ikiwa ndoa ilidumu miaka 10 au zaidi pamoja na miaka 10 ya utumishi, ofisi ya jeshi yaweza kumlipa mke sehemu yake moja kwa moja, bali isizidi nusu ya pensheni. Ndoa ikiwa fupi kuliko hiyo, mke hapotezi haki ya kupewa sehemu. Ila atalipwa na mume mwenyewe, wala si na jeshi. Na mke aliyekaa katika ndoa miaka 20, mume akatumika miaka 20, na miaka hiyo yote ikaenda pamoja, hubaki na haki ya matibabu na ya kununua katika maduka ya jeshi, mpaka atakapoolewa tena.

Hata hivyo mianya ilibaki. Askari aliyeumia kazini hupewa fedha za ulemavu, na mara nyingi ili azipate hana budi kuacha sehemu ya pensheni iliyo sawa nazo. Mwaka 1989, katika kesi ya Mansell, Mahakama Kuu ilisema sehemu iliyoachwa hivyo haigawanywi. Mwaka 2017, katika kesi ya Howell, mume na mke walikuwa wameachana mwaka 1991, na mke amepewa nusu ya pensheni. Miaka mingi baadaye mume alihesabiwa kuwa na ulemavu, akaacha dola 250 hivi kwa mwezi katika pensheni ya dola 1,500 hivi. Sehemu ya mke ikapungua, na Mahakama Kuu ikasema mume hawezi kuamriwa kumfidia.

Mwanya mwingine ni kifo. Askari mstaafu akifa, pensheni yake hukoma, na sehemu ya mke aliyeachwa hukoma nayo, isipokuwa alikuwa ameandikwa katika mpango wa malipo kwa walioachwa nyuma, ulioanzishwa mwaka 1972. Ikiwa mahakama imeamuru mke aandikwe na mume hakutimiza, mke mwenyewe aweza kupeleka ombi, bali sharti lifike ndani ya mwaka mmoja wa amri hiyo. Mwaka ukipita, haki hiyo yaweza kupotea kwa karatasi moja isiyopelekwa.

Twaona, basi, kwamba sheria ilichukua muda mrefu kuwaona watu wawili ambao methali yetu yawasahau: yule aliye mbali kwa amri, na yule aliyefanya kazi pasipo kuandikwa. Sisi wenyewe, katika vikao vya wazee na mabaraza ya kanisa, husikiliza mashauri ya ndoa za watu waliokwenda mbali, wengine jeshini, wengine migodini na mijini. Kabla ya kukata neno, na tuulize mambo mawili: asiyekuwapo amepelekewa habari, akapewa siku ya kujibu? Na aliyekuwapo, aliyelima na kulea miaka yote hiyo, kazi yake imehesabiwa? Jibu likiwa hapana, kwa moja au kwa yote mawili, shauri bado halijaiva.