Programu ya zamani kwenye kompyuta: namna ya kuipa sura mpya kwa msaada wa akili bandia

Depo ya dawa, butike ao biro ya shule inaweza kuwa na programu ya kompyuta yenye miaka zaidi ya 20, na ingali inatoa fakitire na kuhesabu stoki. Shida ni sura yake: maandishi ni madogo sana kwenye ekrani mpya, vibonyezo vimebanana, na mfanyakazi mpya anakawia kuizoea. Siku hizi fundi anaweza kuomba akili bandia imsaidie kuandika sura mpya. Kazi inaenda mbio, lakini iko na hatari yenye haionekane kwa macho.

Programu hizo zilitoka wapi?

Nyingi ziliandikwa na Visual Basic 6, chombo chenye Microsoft ilitoa mwaka 1998. Fundi alikuwa anachora dirisha, anaweka kibonyezo, kisha anaandika nyuma yake kazi yenye kinapaswa kufanya. Microsoft iliacha kuhudumia chombo hicho Aprili 2008. Hata hivyo, programu zake zinafunguka mpaka leo ndani ya Windows 11. Ndiyo maana wenyewe hawakuziacha.

Akili bandia inasaidia wapi?

Vyombo kama GitHub Copilot, kilichoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021, na vingine vilivyofuata kama ChatGPT na Claude, vinaweza kusoma maandishi ya programu. Fundi anavipa faili ya dirisha la zamani, anaeleza sura anayotaka, navyo vinaandika dirisha jipya kwa lugha ya leo, kama C#. Vinaeleza pia sehemu zenye fundi wa kwanza aliacha bila maelezo. Lakini kama maandishi ya asili yalipotea na imebaki tu programu yenye kufunguka, msaada huo unapungua sana.

Hatari iko wapi?

Ndani ya Visual Basic 6, sura ya dirisha na hesabu za vibonyezo vyake vinakaa mara nyingi ndani ya faili moja. Mwenye kugusa sura anagusa pia feza.

Chombo hicho kiko na aina ya namba ya feza tu, yenye kulinda tarakimu 4 nyuma ya mkato. Kama dirisha jipya linatumikisha namba ya aina ingine, makosa madogo yanaweza kuingia ndani ya jumla. Hata kukata mkato kunatofautiana: Visual Basic 6 inakata 2,5 kuwa 2, lakini JavaScript, lugha ya kurasa za intaneti, inaifanya kuwa 3. Kwa butike yenye kubadilisha dola na franka kutwa nzima, tofauti hizo zinajikusanya. Mashini haionyeshi kosa lolote, lakini feza ya sanduku na hesabu hazipatane.

Mambo ya kufuata

- Kufanya kopi ya programu na ya habari zote, na kuiweka mbali na mashini ile.
- Kubadilisha dirisha moja moja, kuanzia lile la kuangalia tu, kama liste ya dawa. La fakitire lije mwisho.
- Kuingiza fakitire za mwezi uliopita ndani ya programu mpya, na kulinganisha jumla mpaka franka ya mwisho.
- Kuuliza yule mwenye kuandika kila siku. Mikono yake inajua vibonyezo bila kuangalia klavie. Vikihamishwa, kazi itachelewa.
- Kutopeleka majina ya wagonjwa ao madeni ya wateja kwa akili bandia, juu vyombo vingi vinafanya kazi kupitia intaneti. Majina ya kubuni yanatosha.
- Kuhakikisha programu mpya inafunguka hata wakati intaneti imekatika.

Akili bandia inaweza kuandika dirisha kwa dakika chache. Lakini haijui juu ya nini mteja fulani anapunguziwa bei; mwenye butike ndiye anajua, na anapaswa kumwambia fundi mapema. Feza ya mwisho ya fundi inafaa kulipwa kisha hesabu za programu zote mbili kupatana.