Kiti cha kushoto: darasa la matanboi kwenye njia ya Juba

Agosti 2023 ilitimia miaka 50 tangu Sudan ihamie upande wa kulia wa barabara, na sikusikia kwamba Juba kuna aliyeikumbuka. Uamuzi ulitoka Khartoum, enzi za Jaafar Nimeiri, mwaka mmoja na ushei baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliowapa watu wa kusini serikali yao ya jimbo. Majirani wengi wa Sudan walikuwa tayari wanapita kulia. Waliobaki kushoto ni Uganda na Kenya, na bahati mbaya ya Juba ni kwamba karibu kila kitu inachokula, kuanzia unga hadi saruji na dizeli, hutoka huko.

Madereva wakongwe wanaopumzisha malori yao Gumbo, ng'ambo ya Nile, huianzia hapo historia ya kufundishana kazi. Makala hii imefuata hesabu yao, kwa hiyo msomaji asitarajie mengi kuhusu mawaziri.

Hesabu yenyewe ni hii. Lori la Mombasa au Kampala lina usukani kulia. Likishavuka mpaka pale Elegu na kuingia Nimule, linahamia upande wa kulia wa barabara, na hapo dereva anajikuta amekaa kwenye ukingo, jirani na nyasi. Katikati ya barabara iko upande wa tanboi. Dereva akitaka kulipita gari lililo mbele, haoni kinachokuja mpaka atoe nusu ya kichwa cha lori nje, na wakati huo anaweza kuwa amechelewa. Anayeona mapema ni kijana aliyeketi kushoto, yule ambaye Tanzania humwita utingo. Ndiye anayesema "bado", "bado", halafu "twende". Trela lenye tani zaidi ya 20 haliongezi mwendo upesi, kwa hiyo "twende" iliyotamkwa kwa pupa huweza kuwaua wote wawili pamoja na waliomo kwenye gari linalokuja.

Ndiyo maana kwenye njia hii tanboi hakuweza kubaki mtu wa kubadilisha tairi, kupika chai na kulinda turubai usiku. Ilibidi afundishwe barabara kabla ya kufundishwa usukani. Dereva mwenye akili humpima mwanafunzi wake hata pasipo na haja ya kupita: gari lile linakuja kwa kasi au limebeba mzigo? Sisi tutakuwa wapi likitufikia? Kijana akishajifunza kukadiria umbali kwa jicho la mwenzake, ndipo huanza kupewa gia, kwanza uwanjani, kisha kwenye sehemu tambarare.

Masomo mengine ni yale yale ya kila njia ya masafa marefu. Asubuhi fungua matangi ya hewa maji yatoke, la sivyo breki zitakusaliti. Gonga kila tairi kwa chuma na usikilize mlio. Mteremko ushuke kwa gia ambayo ungeupandia, wala usiukalie breki ya mguu mpaka ianze kunuka. Ukisimama mlimani, tanboi ashuke na kigingi mkononi kabla dereva hajafungua mlango. Kwenye njia ya Juba huongezwa somo la vizuizi: punguza mwendo mapema, washa taa ya ndani kama ni jioni, mikono ionekane, na mwenye bunduki aamkiwe kwanza.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na historia ndefu ambayo wazee huipitia haraka. Meli za mto kutoka kaskazini ziliishia eneo la Juba kwa sababu ya maporomoko yaliyo kati yake na Nimule, hivyo Waingereza wakalazimika kuunganisha kipande hicho kwa barabara ya gari. Vita vya kwanza kati ya kusini na Khartoum viliitesa njia hiyo, amani ya 1972 ikaipa pumzi. Kisha ikaja 1983.

Vita vya pili vilikata ule mnyororo wa kufundishana. Juba ilibaki mikononi mwa jeshi la Khartoum huku waasi wa SPLA wakiizunguka. Chakula kilikuja kwa ndege, na barabara ya Nimule ikapandwa mabomu ya ardhini. Kijana aliyezaliwa Juba mwaka huo alifikisha miaka 20 bila nafasi ya kukaa kabini na dereva anayeenda Gulu na kurudi. Ufundi huu haukai vitabuni. Mwalimu asipopata pa kuendesha, naye mwanafunzi hapati.

Kwa hiyo Mkataba wa Amani wa Januari 2005 ulipofungua njia, walimu walitoka nje: Wakenya, Waganda, Wasomali. Wakaja na matanboi wao. Vijana wa Juba waliingia kama wapakiaji, na wachache ndio waliofika kwenye kiti cha kushoto. Kutoka hapo manung'uniko hayakuwa mbali. Mwaka 2013 wageni walipigwa marufuku kuendesha bodaboda, kazi iachiwe wenyeji. Imewahi kutangazwa pia kwamba magari yenye usukani kulia hayatakiwi nchini, kwa hoja kwamba ndiyo yanayoleta ajali. Hoja ina ukweli ndani yake, lakini malori ya nani yangelisha mji? Kumfukuza mgeni ni amri ya siku moja. Kumpata dereva wa trela mwenyeji ni kazi ya miaka, na ya kazi hiyo ndiyo tunasikia kidogo mno.

Septemba 2012 lami ya Juba hadi Nimule ilizinduliwa, kilomita 192 zilizojengwa kwa fedha za Marekani baada ya mabomu kuondolewa. Safari iliyokuwa ikila siku nzima ikawa ya saa chache. Mashimo yalikuwa yamewafundisha watu polepole. Lami ikawaondolea mwalimu huyo. Septemba 2014 basi la abiria liligongana na lori kwenye njia hiyo, wakafa watu wasiopungua 50. Mwaka mmoja baadaye, karibu na Maridi, lori la mafuta lililotoka Juba liliacha barabara, wananchi wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 170. Kenya ilikuwa imeona jambo hilo hilo Sachangwan mwaka 2009.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimulia isipokuwa hofu. Mwaka 2021 madereva wa kigeni waliuawa kwenye barabara za kuingia Juba, na wenzao wakayasimamisha malori Elegu wakidai ulinzi. Kwa upande wa mafunzo rasmi, Sudan Kusini imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Mwenzake Tanzania ana Chuo cha Taifa cha Usafirishaji tangu 1975, na madereva wa magari makubwa hufundishwa pale kwa mtaala. Juba ilitangaza mwaka 2019 kutenga mapipa 30,000 ya mafuta ghafi kwa siku kulipia ujenzi wa barabara. Kama hata pipa moja lilitengwa kwa watakaoendesha kwenye barabara hizo, madereva wa Gumbo hawajaliona.

Wao wanaendelea na utaratibu wao. Kijana haruhusiwi kushika usukani kati ya Nimule na Juba mpaka kwanza awe amelipitisha lori kwa maneno, akiwa kushoto, masika na kiangazi. Hapewi cheti. Siku akienda kuomba kazi kwenye kampuni, ataulizwa leseni na barua ya mwajiri wa zamani, na dereva aliyemfundisha huenda wakati huo yuko Mombasa akisubiri kontena.