Tanganyika Rifles: jeshi lililodumu miaka miwili tu

Kila ifikapo Septemba 1 huwa tunawatangazia maadhimisho ya kuzaliwa kwa JWTZ mwaka 1964. Lakini Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Je, katika miaka hiyo ya kati nchi ilikuwa na jeshi gani? Jibu ni Tanganyika Rifles.

Lilitoka wapi?

Waingereza walipotawala Afrika Mashariki walikuwa na jeshi la askari wa miguu lililoitwa King's African Rifles. Wazee wetu waliliita Keya. Askari walikuwa Waafrika, maofisa Waingereza. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika walipelekwa kupigana hadi Ethiopia na Burma.

Siku ya uhuru, vikosi viwili vya Keya, cha 6 na cha 26, vilikabidhiwa kwa Tanganyika na kupewa jina la Tanganyika Rifles. Kimoja kilikaa kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kingine Tabora.

Kilichobadilika ni kidogo

Jina lilikuwa jipya, lakini kamanda alikuwa bado Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa wengi walikuwa Waingereza vilevile. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Nchi ilikuwa huru, ila kambini askari aliona mambo ni yaleyale.

Maasi ya Januari 1964

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao na kuingia mjini. Walidai mambo mawili: mishahara iongezwe na Waingereza waondoke. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza nao. Mjini maduka yaliporwa na watu wakauawa. Kesho yake kikosi cha Tabora nacho kiliasi.

Rais Julius Nyerere alilazimika kuiomba Uingereza msaada. Januari 25 makomando wa Uingereza walitua Colito kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, na maasi yakazimwa. Kwa taifa lililokuwa na uhuru wa miaka miwili na wiki chache, kumwita tena mkoloni wa jana lilikuwa jambo chungu.

Baada ya hapo

Tanganyika Rifles ilivunjwa. Wanajeshi wa Nigeria walikuja kusaidia ulinzi wakati jeshi jipya likiundwa, likichukua vijana wa TANU na wa JKT. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, Mtanganyika.

Hata kambi ilibadilishwa jina. Colito ni mahali nchini Ethiopia ambako Keya walipigana mwaka 1941. Leo kambi hiyo inaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.