Nyapara Hayupo, Deni Lipo

Walimu wa uongozi wa leo wanahubiri kwamba mfanyakazi akiachiwa nafasi ya kuamua, kazi hunoga na mavuno huongezeka. Ni kweli, lakini ni kweli nusu, na nusu inayokosekana inaonekana vizuri katika Wilaya ya Dowa nchini Malawi, kaskazini ya Lilongwe. Wilaya hiyo ina Madisi, mji mdogo kwenye barabara kuu iendayo Kasungu, katika nchi ya tumbaku. Ina pia Dzaleka, kambi ya wakimbizi ambako Kiswahili cha Wakongo na Warundi kinasikika zaidi sokoni kuliko Kichewa. Ukizisoma historia ya tumbaku na ya kambi hiyo pamoja, utaona kwamba kumwondoa nyapara shambani si kumpa mtu uhuru wa kazi. La kuuliza ni nani anaamua kinacholimwa, kinauzwa kwa nani, na bei anaipanga nani.

Wakati wa ukoloni, kusini mwa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu: mwenye shamba. Chini ya thangata, familia iliyoishi kwenye ardhi ya mzungu ililipa pango kwa kufanya kazi, tena mara nyingi katika miezi ya mvua, mahindi yao wenyewe yakiachiwa magugu. Januari 1915 chuki dhidi ya mfumo huo ililipuka katika uasi wa mchungaji John Chilembwe, na William Jervis Livingstone, meneja wa shamba la Magomero, akauawa. Mkoa wa Kati ulichukua njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1920 walowezi wachache waliwagawia wanakijiji mbegu, na wanakijiji wakalima tumbaku ya moshi, ile inayojulikana pia Songea, kwenye viwanja vyao, kwa saa walizojichagulia. Wakulima hao Waafrika waliimudu kazi hata wakawashinda walowezi, ambao tumbaku yao ya mvuke iliporomoka mwishoni mwa muongo huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuunda Bodi ya Tumbaku ya Wenyeji mwaka 1926 ili kuwaandikisha na kuwakagua, na baadaye ikapewa pia kazi ya kununua jani lao. Mkulima aliachiwa jembe; mizani ikabaki kwa bodi.

Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi huru, hakuuvunja mpango huo, aliukaza. Sheria ya mazao maalumu ilimzuia mkulima mdogo kulima tumbaku ya hewa, yaani baleya, ambayo ililipa vizuri. Leseni zilikwenda kwa mashamba makubwa, yakiwemo ya kampuni ya Press iliyokuwa mikononi mwa rais mwenyewe. Mdogo aliruhusiwa aina nyingine, akaiuzia ADMARC, shirika la serikali lililoundwa 1971, kwa bei ya chini mno kuliko ile ya nje, na faida iliyobaki ikasaidia kukopesha hayo mashamba makubwa. Kwenye mashamba yenyewe ulienea upangaji. Familia kutoka kusini kwenye uhaba wa ardhi zilisafirishwa hadi Kasungu, Dowa na Mchinji, zikapewa kipande cha shamba, mbolea na unga wa kula kwa mkopo. Mtu asiyejua angesema hawa ndio walioachiwa uhuru kazini: hakuna kengele ya asubuhi, hakuna mshahara wa siku, kila mtu na kitalu chake. Lakini jani walimuuzia mwenye shamba peke yake, kwa bei yake, na yeye akaliuza mnadani Lilongwe kwa bei nyingine. Deni la msimu likikatwa, wengi walibaki na kidogo au bila kitu, na nauli ya kurudi kwao hawakuwa nayo. Manamba wa mkonge kule Tanga alijua angalau mshahara wake ni kiasi gani.

Hapo ndipo ninapowapinga wanaosema uhuru wa kazi ni kutosimamiwa. Mpangaji hakusimamiwa kwa sababu hasara yote ilikuwa yake. Mabadiliko ya kweli yalianza msimu wa 1990/91, wakulima wadogo waliporuhusiwa, kwa vikundi, kulima baleya na kuipeleka mnadani wenyewe. Kufikia mwisho wa muongo huo zaidi ya nusu ya baleya ya Malawi ilitoka kwao. Walikuwa walewale, na jembe lilelile la mkono. Kilichobadilika ni haki ya kuchagua zao na kulifikisha sokoni kwa jina lao.

Wapo wanaojibu kwamba uhuru huo ulishusha ubora, ukamaliza miti ya mabanda ya kukaushia, na ukamwacha mkulima uchi mbele ya soko. Miti imekwisha kweli, na hilo silipingi. Kuhusu bei, lawama imewekwa pasipo pake. Wanunuzi mnadani walikuwa kampuni chache, na Rais Bingu wa Mutharika aliamini zinapatana bei hadi akawafukuza nchini baadhi ya mabosi wao wa kigeni mwaka 2009. Soko lenye wanunuzi wa kuhesabika kwa vidole linamnyima mkulima uamuzi uleule aliokuwa amenyimwa na mwenye shamba. Kilimo cha mkataba kilichoenea baada ya 2012, kampuni ikikopesha pembejeo na kununua jani lote, kina harufu ya mambo yale ya zamani, ingawa mikataba yake inaandikwa vizuri zaidi. Upangaji wenyewe Bunge liliufuta mwaka 2021, baada ya Marekani kuzuia tumbaku ya Malawi mwaka 2019 kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa.

Swali la nani anaamua linajirudia Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Banda. Mwaka 1994, mwaka ulioangusha utawala wake, ikawa kambi ya watu kama 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikiweka pingamizi juu ya vifungu vya ajira na uhuru wa kutembea. Kwa hiyo mwalimu mkimbizi anayefundisha kambini hupewa posho iitwayo motisha, si mshahara wa mwalimu. Pamoja na hayo watu wamejifungulia maduka, cherehani, saluni na migahawa, na tangu 2014 wameandaa Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Mkongo Menes La Plume, linalowaleta Wamalawi kambini kwa maelfu. Hayo yote hayakuletwa na afisa yeyote. Waliothubutu kufungua biashara Lilongwe na miji mingine waliamriwa wawe wamerudi kambini ifikapo tarehe 15 Aprili 2023, na mwezi uliofuata polisi wakaanza kuwakusanya.

Wafanyabiashara wenyeji wanalalamika kwamba mgeni anawanyang'anya wateja. Malalamiko hayo yana ukweli kwa mwenye duka la jirani, lakini wanavijiji wa Dowa wanaouza mahindi na mboga katika soko la Dzaleka ni wenyeji vilevile, na mteja wao ni mkimbizi aliyepata riziki. Tena aliyefungiwa biashara halali haachi kula; huwa kibarua wa siri wa mtu mwingine, asiyeweza kushtaki akidhulumiwa, hali ambayo mpangaji wa tumbaku angeitambua mara moja. Bunge lililofuta upangaji linajua gharama yake. Na kwa wakimbizi njia ni fupi zaidi: kifungu cha 42 cha Mkataba huohuo kinairuhusu nchi kuondoa pingamizi lake wakati wowote, kwa kumwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.