Ziwa Moja, Maandishi Mawili

Kwa kompyuta, Ziwa Victoria lenye kisiwa cha Ukerewe ndani yake ni umbo lenye tundu: ukingo wa nje unaozunguka maji, na wa ndani unaotenga nchi kavu. Programu huria za ramani huweza kuliandika umbo hilo kwa XML, lakini zimerithi mapokeo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Mapokeo ya kwanza ni ya GML, lugha iliyotolewa na Open Geospatial Consortium mwaka 2000, na mwaka 2007 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 19136. Humo ziwa linajitosheleza: poligoni moja hubeba ukingo wa nje na wa ndani, kila ukingo na namba zake zote. Ya pili ni ya OpenStreetMap, ramani huria iliyozaliwa Uingereza mwaka 2004, ambayo haina poligoni kabisa. Ina nukta, njia na, tangu 2007, mahusiano. Nukta pekee ndiyo inayojua mahali ilipo. Njia hutaja tu nukta inazopitia, na uhusiano huzikusanya njia na kuzigawia kazi: hii ya nje, ile ya ndani.

Kwa ramani ya mji unaobadilika kila siku, naupenda utaratibu huu wa pili. Mitaa miwili inayopakana huweza kutumia njia ileile ya mpaka; ukisogeza nukta moja, pande zote mbili zinasogea. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kuchora Dar es Salaam kwa ajili ya kukabili mafuriko, uliweka kazi yake kwenye OpenStreetMap. Katika GML, kwa kawaida kila jirani ana nakala yake ya mpaka, na nakala hizo huachana taratibu.

Lakini mpe mwanajiolojia lebo za OpenStreetMap, jina na thamani yake basi, uone atakavyokwama. Tabaka la mwamba lina umri, lina mawe ya aina kadhaa, na kila aina ina kiasi chake. GeoSciML, lugha ya data za jiolojia iliyojengwa juu ya GML, huyapanga hayo moja ndani ya jingine, na programu huria ya GeoServer inaweza kuyatoa hivyo kutoka kwenye majedwali ya kawaida. Faili huwa refu mno, ila maana yote imo.

Kinachonikera katika GML ni mpangilio wa namba. Mara nyingi latitudo hutangulia, wakati KML, ndugu yake wa Google Earth, huanza na longitudo. Mwanza iko karibu na -2.5, 32.9; zigeuze, na mji unaangukia mashariki mwa Moroko. OpenStreetMap huandika kila namba na jina lake, kwa hiyo yoyote inaweza kutangulia.